Kasiva Ndete, Aliyepima Maji kwa Sabuni

Ijumaa tarehe 28 Novemba 2025, saa kumi alasiri, Bi. Kasiva Ndete atavua aproni yake ya mpira kwa mara ya mwisho katika Kitalu cha Mimea ya Majini cha mtaa wa Tena, jijini Nairobi. Siku hiyo atakuwa ametimiza miaka thelathini na mmoja, miezi kumi na siku kumi na nane kazini. Hesabu hiyo imehakikishwa mara mbili na mwandishi wa wasifu huu, ambaye yeye mwenyewe ana miezi tisa na ushee, na ambaye hukumbushwa tofauti hiyo kila mteja anapoingia langoni, akamtazama usoni, kisha akauliza, "Mama Mwanzia yuko?", jina la mwanawe ambalo wateja humwitia Bi. Kasiva.

Kwa wageni wasioifahamu kazi yetu, kitalu hiki hukuza mimea hai ya kupandwa ndani ya matangi ya samaki wa mapambo. Tuna matangi thelathini na sita, na mimea yake huenda madukani, maofisini, mashuleni na katika sebule za watu. Maji ya mfereji hutufikia siku mbili kwa juma, yakitufikia. Siku zilizosalia tunategemea kisima chetu, na kisima chetu hutoa maji magumu, yenye chokaa nyingi, ya aina ile inayoacha ukoko mweupe ndani ya birika na kuifanya sabuni ikatae kutoa povu. Vitabu husema kwamba mimea mingi ya tangini hupenda maji laini. Bi. Kasiva hakuvisoma vitabu hivyo. Mwandishi alivisoma vyote na akafaulu mitihani yake kwa daraja la juu. Ni vyema hilo lijulikane mapema, kwa sababu halikusaidia.

Bi. Kasiva alipoarifiwa ni nani angeandika wasifu wake, alitoa sharti. "Usinipambe kama keki ya harusi," alisema. "Na ile ya siki uiandike. Ukiiruka, siji kwa sherehe. Nitabaki kwangu Jericho nikinywa chai." Kwa hiyo ile ya siki imo humu. Pamoja nayo mna jambo ambalo hakuliagiza, yaani wivu wa mwandishi, kwa kuwa kisa cha siki hakisimuliki bila huo.

Alizaliwa karibu na Mutomo, katika kaunti ya Kitui, mahali ambapo, kwa maneno yake, maji ya kisima yalikuwa na ukaidi zaidi ya punda aliyeyabeba. Mama yake alimfundisha kufua kwa kuhesabu: ukisugua kipande cha sabuni mara kumi na povu likatokea, hayo ni maji ya mvua yaliyohifadhiwa, ukifika thelathini bila povu, rudi nyumbani, yatumie kuogesha mbuzi. Hakuna aliyejua kwamba somo hilo la kufulia nguo lingekuja kuendesha biashara jijini Nairobi.

Aliajiriwa Jumatatu tarehe 10 Januari 1994 na marehemu baba yake Bwana Njogu, mkurugenzi wetu wa sasa. Kazi yake ilikuwa kuosha ndoo. Wakati huo kitalu kizima kilikuwa matangi manne katika ua wa nyumba moja ya Jericho, na maji yote yalitoka mferejini. Baada ya miaka miwili aliruhusiwa kupogoa majani. Baada ya mitano aliachiwa tangi lake mwenyewe. Mwandishi, aliyeripoti kazini Februari akitarajia kuachiwa matangi yote kufikia Aprili, ameisoma ratiba hiyo mara kadhaa na kila mara imemchoma.

Mwaka 2004 kitalu kilihamia Tena, kisima kikachimbwa, na mimea ikaanza kufa. Rotala zile za majani mekundu, zilizokuwa fahari ya mwenye kitalu, zilipauka, zikadumaa, zikaoza mashina. Mzee alifikiria kufunga. Hapo ndipo Bi. Kasiva alipochukua kikombe cha bati, akakijaza maji ya kisima, akatia kona ya kitambaa chake cha kichwa na kipande cha sabuni ya kufulia, akaanza kusugua na kuhesabu. Alifika arobaini na mbili ndipo povu likatokea. "Mzee," alisema, "haya ni maji ya kwetu. Tuwache kulia na tutafute mimea ya kwetu."

Alimaanisha mimea isiyochukia chokaa. Aliijaribu mmoja mmoja kwa miaka miwili na kubaki na ile tunayojulikana kwayo leo: anubia, kripto, na juu ya yote valisneria, ambayo wafanyakazi wetu huiita utepe kwa sababu ya majani yake marefu membamba. Utepe hufyonza chakula chake kutoka katika yale yale maji magumu yanayoiua mimea mingine. Mwandishi anaweza kueleza kwa kurasa nne jinsi jambo hilo linavyofanyika. Bi. Kasiva alieleza kwa sentensi moja kwamba mmea huu unakula mawe, na wateja wakamwelewa yeye.

Tatizo la pili lilikuwa madini ya chuma. Katika maji magumu chuma hujificha, mmea haukipati, na majani machanga hutoka ya manjano. Kila Desemba Bi. Kasiva alirudi kutoka Mutomo na debe la udongo mwekundu, akaukanda, akaufinyanga vidonge vya ukubwa wa kunde kubwa, akavianika juu ya gunia na kuvididimiza kwenye mchanga kando ya mizizi. Machi mwaka huu mwandishi aliwasilisha pendekezo lililochapishwa vizuri, lenye jedwali, kuhusu chuma cha maji kutoka ng'ambo. Bwana Njogu alilisoma lote kwa adabu. Kisha akauliza kama vidonge vya Mama Mwanzia vimeshindwa. Havikuwa vimeshindwa. Matangi yetu pia hukingwa jua kwa mapazia ya wavu aliyoyachagua mwenyewe katika marobota ya mitumba ya soko la Gikomba, mengine yakiwa bado na maua ya nakshi pembeni, na chini ya mapazia hayo mwani wa kijani haujawahi kutushinda. Mwandishi alikuwa na pendekezo kuhusu hilo pia. Analo mpaka sasa.

Ila kitu kilichomnyima mwandishi utulivu zaidi ya vyote kilikuwa Tangi Namba Moja. Hilo ni tangi la saruji lililo karibu na kisima, na ndani yake huishi utepe mama, ambao kila utepe tuliowahi kuuza umetokana nao. Hakuna aliyeligusa ila Bi. Kasiva. Kila asubuhi alisimama hapo na kikombe chake, akasugua, akahesabu, akaandika idadi katika daftari. Ikizidi arobaini na tano, alichanganya maji ya mfereji kidogo kidogo. Ikipungua chini ya thelathini na tano, alipunguza mfereji. "Huu mmea hauogopi maji magumu," alimwambia mwandishi. "Unaogopa kuhamahama. Hata wewe, nikikubadilishia mahali pa kulala kila siku, si utanyauka?" Mwandishi alileta vichupa vyake vya kupimia, akalinganisha matokeo kwa majuma matatu akitumaini kupata kosa. Alipata kwamba sabuni na vichupa vilikubaliana kila siku isipokuwa siku moja, na siku hiyo vichupa ndivyo vilivyokuwa vimeharibika.

Tangu hapo alitaka kitu kimoja tu: kwamba Bi. Kasiva akiondoka, amkabidhi yeye Tangi Namba Moja. Cheo kingeweza kuja kwa barua. Tangi lile ndilo lingethibitisha kwamba yeye ni mtu wa kazi hii.

Sasa ile ya siki. Aprili, Bi. Kate, mpambaji wa matangi ambaye amekuwa mteja wetu kwa miaka mingi, aliagiza mashina mia tatu ya utepe kwa tangi la mapokezi la ofisi moja mjini. Wiki hiyo hiyo Bi. Kasiva alienda likizo ya siku saba. Aliacha maagizo mafupi: msibadilishe kitu. Mwandishi aliachiwa usimamizi kwa mara ya kwanza. Alipokagua utepe wa Bi. Kate, aliona majani yamefunikwa unga mweupe mkavu, yakikwaruza vidole kama sandipepa. Alihitimisha kwamba ni uchafu uliozoeleka kwa sababu ya mazoea ya zamani. Alinunua siki, akaichanganya na maji, akagawa vitambaa, na kuamuru kila jani lifutwe.

Javan, dereva wetu, ambaye siku zisizo na safari husaidia matangini, alisimama na kitambaa chake mkononi. "Aki Digrii," alisema, maana ndilo jina analomwitia mwandishi, kama vile Bi. Kasiva humwita Mathe, "hiyo si uchafu. Hiyo ni vile mmea umekula. Mathe hajawahi guza hiyo kitu."

Mwandishi alimjibu kwamba kitalu hakiendeshwi kwa kumbukumbu za mtu. Matangi manane yakafutwa. Walipofika Tangi Namba Moja, Javan aliweka kitambaa chini. "Hili hapana. Nifute kazi, lakini hili sitii mkono, na wewe pia hautatia." Akasimama kati ya mwandishi na tangi, mikono kifuani, hadi saa ya kufunga ikafika. Mwandishi alikwenda ofisini na kumwandikia Bwana Njogu barua ya ukurasa mmoja na nusu, akipendekeza Javan aachishwe kazi kwa kukaidi amri halali.

Kufikia siku ya tatu majani katika matangi manane yalikuwa laini na ya kahawia, yakimeguka yakiguswa. Chokaa ile ilikuwa alama ya afya: utepe ukifyonza chakula chake katika maji magumu, huacha chokaa juu ya jani, kama vile maji hayo yanavyoacha ukoko ndani ya birika. Mwandishi alikuwa amelisoma hilo mwaka wa tatu chuoni. Lilitoka katika mtihani, na alilijibu vizuri.

Bi. Kasiva alirejea Jumamosi asubuhi, mfuko wa maembe begani. Alitembea hadi tangi la kwanza, akachungulia. "Nani amepika sukuma hapa?" aliuliza. Kisha akachota maji kwa kiganja na kuyanusa. Alikwenda moja kwa moja Tangi Namba Moja. Utepe mama ulikuwa umesimama, mweupe kwa chokaa, mzima kabisa. Akamtazama Javan, akamwitikia kwa kichwa mara moja. Hicho ndicho kitendo ambacho mwandishi amekionea wivu kuliko sifa zote alizowahi kusomewa mtu mbele yake.

Hakupiga kelele. Alikata kila jani lililooza mpaka shingoni mwa mmea, tangi baada ya tangi, akaacha mizizi, akadidimiza vidonge vyake vya udongo, akamwambia kila mtu aondoe mikono majini. Siku ya kumi na moja ncha za kijani zilichomoza. Bi. Kate alipata mashina yake mia tatu kwa siku aliyoahidiwa, kwa kuwa zaidi ya mia mbili yalitoka katika tangi ambalo Javan alilikinga. Hakuwahi kujua. Anajua leo, na tunamwomba radhi.

Ilibaki barua. Kikao cha kumjadili Javan kilipangwa Jumatatu. Bi. Kasiva aliomba kuiona nakala, akaisoma taratibu hadi mwisho, akaikunja. "Umeandika vizuri sana, baba," alimwambia mwandishi. "Kiswahili imenyooka. Sasa chukua hiyo Kiswahili yako uandike ingine, useme ni nani alikuwa sawa." Mwandishi aliandika ya pili usiku huo nyumbani kwake. Ilikuwa fupi kuliko ya kwanza na ilimchukua muda mrefu zaidi. Javan hakupoteza kazi. Aliposomewa alisema tu, "Sawa, Digrii, imeisha," na kwa upande wake ilikuwa imeisha kweli, jambo ambalo pia si kila mtu anaweza.

Katika kuandaa wasifu huu, mwandishi alipewa madaftari yote ya Bi. Kasiva, kumi na manne, yenye idadi za povu za kila siku tangu kisima kichimbwe. Kwenye ukurasa mmoja wa Agosti 2004, chini ya idadi ya siku hiyo, pana mistari minne ya kalamu ya rangi nyekundu: "Nimefuta majani na ndimu nitoe weupe. Yote yameoza. Mzee nimemwambia. Mwingine asifanye hivi."

Mwandishi alibeba daftari hilo hadi kisimani na kumwonyesha. Bi. Kasiva hakuacha kuosha kikombe chake. "Sasa wewe ulidhani," aliuliza, "niliijulia wapi ile harufu?"

Ingetarajiwa kwamba ugunduzi huo ungemfariji mwandishi. Ulimwongezea wivu. Kosa la Bi. Kasiva lilikuwa la kwanza kutendeka katika kitalu hiki, na kutokana nalo alijifunza maana ya weupe ule kabla ya mtu yeyote kumweleza. Kosa la mwandishi lilikuwa la pili, lilikuwa limekwisha kuandikwa kwa rangi nyekundu ndani ya kabati lisilofungwa kwa ufunguo, na halikumfundisha mtu mwingine yeyote kitu kipya. Hata katika kukosea, mama huyu alitangulia.

Oktoba, Bwana Njogu alimteua mwandishi kuwa Msimamizi wa Kitalu kuanzia Desemba. Barua ilikuja, yenye muhuri. Lilibaki tangi.

Jumatatu ya juma hili, tarehe 24, Bi. Kasiva aliwaita wafanyakazi wote kando ya kisima. Mwandishi alikuwa amevaa shati lililopigwa pasi mara mbili. Bi. Kasiva alichukua kikombe cha bati, chenye kile kipande cha sabuni ndani, akampa Javan.

"Mathe, mimi ni dere tu," Javan alisema, akirudi nyuma hatua moja.

"Na mimi nilikuwa wa kuosha ndoo. Shika."

Wenzetu walipiga makofi. Mwandishi alipiga pia, na anaomba ieleweke kwamba ilimgharimu. Watu walipotawanyika alimfuata Bi. Kasiva na kumuuliza waziwazi, kama mtu anayestahili jibu, kwa nini si yeye. Bi. Kasiva alikausha mikono yake kwa upindo wa leso, akamtazama bila ukali.

"Njogu amekupa kiti, na kinakutosha. Utaamuru watu hapa miaka mingi, Mungu akipenda. Siku nyingi utakuwa sawa. Lakini hili tangi linataka mtu wa kukukatalia siku ile hautakuwa sawa. Wewe mwenyewe huwezi kujikatalia. Hata mimi na ndimu zangu sikuweza."

Wivu wa mwandishi haujaisha. Ungekuwa umeisha, asingeuandika hapa mbele ya watu themanini na tatu waliothibitisha kuhudhuria, ilhali yeye alipohitimu walikuja tisa. Anamwonea Bi. Kasiva wivu kwa jicho lake, kwa mikono yake, kwa ile namna yake ya kuingia mahali palipoharibika na kuanza kukata bila kutafuta wa kulaumu. Anauonea wivu hata udongo wake.

Bi. Kasiva anakwenda kuishi Mutomo, karibu na mwanawe Mwanzia, na amesema atachimba kidimbwi kidogo nyuma ya nyumba ili aone kama utepe utawakubali mbuzi. Kwa niaba ya Bwana Njogu, wafanyakazi wote, wateja kutoka Jericho hadi mjini, na samaki wasio na idadi waliojificha katika majani yake, tunamshukuru kwa kila kidonge cha udongo, kwa kila pazia la Gikomba, kwa matangi manane ya Aprili, na kwa mistari minne ya wino mwekundu.

Jambo moja la mwisho, kwa kuwa litamfurahisha. Jana asubuhi Javan alifika kisimani moja kwa moja kutoka chini ya gari. "Digrii!" aliita. "Kuja unisugulie hii kitu, mikono yangu iko na grisi." Mwandishi alishika kikombe cha bati kwa mara ya kwanza. Alisugua na kuhesabu kwa sauti, Javan akimsimamia karibu kama mtahini. Povu lilishika kwenye arobaini na tatu. Javan alijipangusa kidole kimoja, akachukua kalamu, akaandika katika daftari la kumi na tano: "43. Amehesabu Luseno."

Nenda kwa amani, Mama Mwanzia. Baada ya miaka yote hiyo ndani ya gambuti, tunakuombea miguu mikavu, chai isiyo na chokaa, na majirani wa kukukatalia inapobidi. Arobaini na tatu, Mama. Maji yako hayajahama.

Patrobas Luseno
Msimamizi Mteule wa Kitalu
(Tangi Namba Moja: muulizeni Javan)